Nta ya Mzee Selestini

Jumamosi ile niliamka mapema, nikasali rozari yangu, kisha nikabandika sufuria ya nta juu ya mafiga. Ilikuwa tarehe nane Desemba, mwaka 1973, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Kesho yake ilikuwa Siku ya Uhuru, na kijiji chetu kingeigiza mchezo mbele ya wageni wa wilaya. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza sura za waigizaji.

Kazi hiyo nilifundishwa na Sista Agnesi, parokiani, nikiwa msichana wa darasa la nne. Kila Kwaresima alituandaa kwa mchezo wa Mateso ya Bwana, na yeye ndiye aliyefanya pua ya Yuda na sikio la Malko lililokatwa kwa upanga. Unachukua nta, unaiyeyusha na ulimbo kidogo wa mti ili ishike ngozi. Unalainisha uso wa mtu kwa mawese. Unaibandika nta ikiwa na uvuguvugu, unajenga pua, paji, kovu, chochote. Rangi ni vumbi la tofali na masizi ya chungu. Mwisho unachukua kijiko cha moto na kupitisha pembeni, mpaka nta iwe nyembamba kama ngozi ya kitunguu na isijulikane ilipoanzia.

"Kazi yote iko kwenye ukingo, Rozalia," Sista aliniambia. "Ukingo ukionekana, watu wanaona mtu aliyevaa kitu. Usipoonekana, wanaona mtu mwingine."

Mchezo wetu ulihusu misafara ya watumwa iliyokuwa ikifika Ujiji zamani za babu zetu. Mateka wanafungwa, wanachapwa, halafu wanakata kamba, wanamkamata mnyapara wa msafara na kumpiga mpaka anaanguka. Hapo bendera inapandishwa na sote tunaimba. Mnyapara alikuwa mume wangu, Gervasi.

Nilimpenda mume wangu. Nasema hivyo kwanza ili mnaosoma mjue nilichokuwa nacho. Alikuwa mtu mrefu, mgambo wa kijiji, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hata kwa kula, mama yangu akawa anamgombeza. Pete yetu ya ndoa ilikuwa ya shaba, na aliivaa mkono huohuo.

Nta ndiyo iliyokuwa shida. Mwaka ule hata mshumaa mmoja ulikuwa wa kutafuta mpaka soko la Mwanga, Kigoma mjini, na mara nyingi unarudi mikono mitupu. Lakini mimi nilikuwa na vipande vinne, nimevificha ndani ya debe chini ya kitanda. Hapo ndipo penye kosa langu.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumehamishwa, wakati wa Operesheni ya vijiji. Tulishuka kutoka mabondeni tukaja kujenga mistari mistari karibu na ziwa. Wote tulishuka, isipokuwa mzee mmoja, Selestini. Alikuwa mfuga nyuki, ametundika mizinga kwenye miti yote ya bonde lile, na nta yake ndiyo parokia iliyoinunua kutengenezea mishumaa. Mke wake alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba. Viongozi walipomwendea alisema, "Nyie tangulieni. Mimi nina mgonjwa ndani." Hakukuwa na mgonjwa. Alimaanisha kaburi.

Mwezi Machi radi ilipiga nyumba moja ya kijiji kipya. Watoto watatu wa tumbo moja waliungua wamelala kwenye mkeka mmoja. Huku kwetu watu hawasemi radi imepiga, wanauliza ni nani aliyeituma. Siku hiyohiyo jina la Selestini likaanza kutembea.

Wiki haikuisha. Walimkuta kwenye migomba yake, amelala chali, uso umepondwa. Ikasemekana alianguka kutoka juu ya mti akipakua asali. Bibi Leonia, jirani yangu, alisema mbele za watu, "Nimeona wengi walioanguka na mizinga. Wanavunjika kiuno, hawavunjiki sura." Akaambiwa anyamaze. Akanyamaza.

Jioni ile Gervasi alirudi na mkono wa kushoto umevimba.

"Nimejigonga na mpini wa jembe," alisema.

Nikachemsha mawese, nikamkanda. Pete ilikuwa imezama kwenye nyama. Nilipaka sabuni, nikaizungusha mpaka ikatoka, nikaona imepata pengo dogo upande mmoja, kama imegongwa na kitu kigumu. Kama mfupa. Nilimfunga kitambaa. Sikuuliza. Naandika neno hili polepole. Sikuuliza.

Tulimzika Selestini kando ya mkewe. Mishumaa minne iliwaka kwenye pembe za jeneza, nayo ilikuwa ya nta yake mwenyewe. Desturi yetu ni kwamba mshumaa wa maiti haurudi nyumbani. Unaachwa juu ya kaburi uwake mpaka uishe, marehemu asiondoke gizani. Lakini mvua ilishuka kwa nguvu, watu wakakimbia, mishumaa ikazimika hata nusu haijafika. Mimi nilibaki nyuma. Niliiangalia ile nta nzuri imelala kwenye tope. Nikaiokota, nikaifunga kwenye ncha ya khanga, nikaenda zangu.

Ndiyo niliyokuwa nikiiyeyusha asubuhi ile.

Nilikuwa na kichwa cha udongo nilichokifinyanga kwa kipimo cha Gervasi, na juu yake nikajenga sura ya mnyapara, ili kesho nibandike tu na kumalizia kingo. Nilijenga pua nene, midomo na masikio, nikatokeza paji la uso na kope, nikachora kovu shavuni. Nilipomaliza niliiweka dirishani ipoe, nikaenda kuepua maharage.

Niliporudi kulikuwa na shimo juu ya jicho la kulia.

Halikuwa kubwa sana, upana wa vidole vinne hivi, na katikati lilizama zaidi. Nilidhani mtoto wetu Klementina amebonyeza. Nikapasha kijiko, nikaliziba, nikalainisha. Kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia mchana, shimo lilikuwa limerudi, mahali palepale. Nikaliziba tena. Jioni lilirudi. Mara ile ya tatu nilijaza nta nyingi na kupaka vumbi la tofali juu. Nilijiambia ni joto la Desemba linaloilegeza. Lakini nilipoigusa, ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Kulipokucha sikuitazama. Nilifunika kitambaa, nikaenda misa.

Saa nane mchana nilimkalisha Gervasi kwenye kigoda nyuma ya ofisi ya kijiji. Wale wanne walioigiza mateka walikuwa pale wakijifunga kamba za migomba: Dunia, Ismaili, Nikodemu na Anatoli. Wote walikuwa mgambo pamoja naye, na walikula sahani moja.

Nilibandika paji, nikabandika pua. Dunia akasogea kuangalia.

"Shemeji, umefanya vizuri," alisema. "Miaka yote nilijua ana sura ya namna hii, ilikuwa haijajitokeza tu."

"Nenda kajifunge kamba, mtumwa," Gervasi akamjibu, wakacheka.

Nilipopitisha kijiko cha moto kwenye ukingo wa mwisho, chini ya taya, Gervasi alinishika mkono.

"Mbona baridi hivi?" alinong'ona.

"Ni nta. Itapata joto."

Aliinua kichwa. Pua yake ilikuwa ikinusa.

"Rozalia. Kuna moshi wa nyuki. Ule wa kufukizia mizinga."

"Mimi sinusi kitu."

"Ivue."

Nje ngoma zilikuwa zimeanza na gari la wageni lilikuwa limesimama. Nilitazama kazi yangu. Sijawahi kufanya ukingo mzuri kama ule. Haukuonekana kabisa.

"Vumilia saa moja tu, Baba Klementina," nilimwambia. "Saa moja tu, halafu nitakuvua."

Akanitii. Aliweka kofia nyekundu kichwani, akachukua fimbo, akatoka.

Mchezo ulianza vizuri. Wanawake walitwanga kwenye kinu, msafara ukaingia, kelele zikawa nyingi. Gervasi aliwachapa mateka kwa fimbo ya gome la mgomba iliyolia sana bila kuumiza. Watoto walipiga mayowe. Bibi Leonia alikuwa amekaa mkekani mbele yangu na kundi la akina mama. "Huyo mnyapara ni mbaya kweli," alisema. "Hata akioga hawezi kusaidika." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mgeni wa wilaya naye alicheka.

Kisha mateka walikata kamba. Wanne wakamzunguka mnyapara. Hapo Gervasi alipaswa kupiga magoti na kusema, "Nihurumieni." Tulikuwa tumelikariri neno hilo wiki tatu.

Hakupiga magoti. Alivua kofia taratibu, akaipangusa kwa kiwiko, akainama, akaiweka chini kando kidogo, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Ngojeni niweke kofia yangu," alisema. "Alininunulia mke wangu. Isichafuke."

Haikuwa sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Ilikuwa ndogo, na nzee.

Watu walicheka. Walidhani ni kichekesho. Wale wanne hawakucheka. Nilimwona Anatoli akijikojolea. Nilimwona Ismaili akiangalia watu, kama anayetafuta pa kupita. Walikuwa wamesimama tu, na mgeni wa wilaya akapaza sauti, "Haya, mfungeni." Ndipo Anatoli akamfunga mikono kwa nyuma, kama tulivyofanya kwenye mazoezi.

Maganda ya mgomba yalikuwa tayari pale chini. Ndiyo waliyopaswa kumpigia. Hakuna aliyeyagusa.

Nikaona shimo juu ya jicho la kulia likifunguka. Vumbi la tofali lilipukutika kwanza. Halafu nta ikazama ndani, polepole, peke yake. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa.

Dunia alipiga ukelele kama mtu aliyekanyaga nyoka. Alikimbilia kinu, akachomoa mchi.

Nataka kusema jambo hili sawasawa, maana nimeliapia mbele ya padri. Kila jeraha lilitangulia pigo. Pua ya nta ilibonyea na kulala upande wa kushoto, kisha ngumi ya Ismaili ikafika pale. Sikio lilichanika, kisha likaja teke la Nikodemu. Midomo ilipasuka katikati, kisha Anatoli akapiga kwa jiwe, na alikuwa analia. Walipiga mahali ambapo palikwisha kuvunjika. Walikuwa kama watu wanaofuata mstari waliochorewa.

Kulitoka kitu kizito cha rangi ya kahawia. Nilidhani ni mawese niliyopaka. Lakini mawese hayanuki moshi.

Nilikimbia kuingia uwanjani. Akina mama walinidaka khanga.

"Wanamuua!" nilisema. "Jamani, wanamuua kweli."

"Kaa chini, mama," mmoja aliniambia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mwache afe vizuri."

Nilimng'ata mkono. Hakuniachia. Watoto walikuwa wanahesabu mapigo kwa pamoja, kama wanavyohesabu shuleni. Tano. Sita. Saba. Mgeni wa wilaya alisimama kupiga makofi.

Jicho la kushoto la nta lilifumba. Likazama. Dunia akainua mchi kwa mikono miwili, akaushusha pale.

Sauti ilikuwa ya mtungi unapodondoka ukiwa na maji.

Makofi yaliendelea muda mrefu. Bendera ilipanda. Wengine walianza kuimba. Gervasi alitakiwa kuinuka na kuwainamia wageni, na watu walimsubiri ainuke. Nyimbo zikapungua, upande mmoja kwanza, halafu mwingine. Mwisho ikabaki sauti ya mtoto mmoja, bado anahesabu.

Akina mama walinisaidia kumbeba mpaka zahanati. Sikuruhusu mtu mwingine auguse uso wake. Niliingiza ukucha chini ya taya nikatafuta ukingo, na nta ikatoka yote kwa mara moja, kama utando wa uji uliopoa.

Chini yake uso wa mume wangu ulikuwa mzima.

Pua ilikuwa nzima. Meno yalikuwepo yote. Masikio, macho, paji, hapakuwa hata na mkwaruzo. Alikuwa kama aliyelala baada ya kulima. Mganga wa zahanati alimpapasa kichwa chote kwa vidole, akarudia, kisha akanawa mikono na kukaa chini. "Mama," alisema, "sijui niandike nini." Akaandika amefariki.

Tulimzika Jumatatu. Mishumaa yake niliiacha ikawaka mpaka ikaisha. Nilikaa pale na mwavuli.

Wale wanne walichukuliwa na polisi hapohapo uwanjani. Hawakukimbia. Mwezi wa pili nilikwenda Kigoma mjini, mahabusu, nikiwa nimebeba ugali na dagaa. Padri alinionya nisiende na chuki, nami sikuwa nayo. Nilitaka kujua tu. Dunia aliletwa. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa kama ya mtoto.

"Shikamoo, shemeji," alisema. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwangu, lakini aliniamkia yeye.

"Kwa nini mlimuua Gervasi?"

"Hatukumuua Gervasi." Alisema bila ubishi, kama mtu anayesahihisha jina. "Tulimpiga Selestini. Aliweka kofia chini. Maneno yaleyale. Siku ile ya migombani hakukuwa na mtu mwingine aliyeyasikia, ila sisi watano."

"Watano?"

Alianza kuhesabu kwa vidole. "Pua ni ya Ismaili. Sikio la Nikodemu. Mdomo, Anatoli. Jicho la kushoto, mimi. Kule migombani na huku uwanjani, vilevile, kwa mpangilio uleule. Nilijiona nafanya, nikashindwa kuacha."

"Na juu ya jicho la kulia?" niliuliza. "Pale palikuwa pamebonyea kabla hamjamgusa."

Dunia aliangalia sakafu.

"Lile ni pigo la kwanza. Sisi tulikuwa tumesimama tunaogopa, shemeji. Mzee aliposema habari ya kofia, mimi nilitaka turudi nyumbani. Mtu mmoja akaanza. Akisha kuanza mmoja, wengine mnafanyaje."

"Nani alianza?"

Aliinua macho, na yalikuwa na huruma. Sijasahau huruma ile.

"Mama Klementina," alisema, "si ulimkanda mkono wewe mwenyewe?"

Nilirudi kwa miguu kupitia Rusimbi na Ujiji. Sikupumzika njiani. Ile sura ya nta ilikuwa bado nyumbani, kwenye debe, chini ya kitanda. Polisi hawakuitaka. Niliitoa nikaiweka mezani penye mwanga wa mchana. Nikaiosha tope na ile rangi ya kahawia. Majeraha yote yalikuwepo. Manne yalikuwa mapana, ya mchi na jiwe na mguu na ngumi. Lile la juu ya jicho la kulia lilikuwa dogo. Nilipolisafisha kwa ncha ya kitambaa niliona kwamba lilikuwa na vifundo vya vidole. Vinne. Na kwenye kifundo kimoja, cha pili kutoka mwisho, kulikuwa na mstari wa duara, na kwenye mstari huo kipande kidogo kilichosimama, kama pengo lililogeuzwa.

Pete ya Gervasi niliivua siku ya kumwosha. Nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la khanga. Nikaifungua.

Nilimwomba Mungu isiingie. Niliomba kama sijawahi kuomba kitu. Nikaiweka pale kwenye mstari.

Iliingia.

Pengo lilikaa mahali pake. Na nta ile, ambayo siku zote ilikuwa baridi, ilikuwa na joto. Joto la mwili.

Nilijaribu kuitoa pete kwa ukucha. Haikutoka. Nikaenda jikoni kuchukua kijiko, nikakipasha, nikarudi. Sidhani nilichukua muda wa Salamu Maria mbili. Paji la ile sura lilikuwa limelala sawa. Shimo nililoliziba mara tatu likakataa, sasa lilikuwa limezibika. Pete haikuonekana. Nilipitisha kidole polepole nikitafuta mahali nta ilipokutana, nikapitisha tena. Hapakuwa na ukingo.

Kesho yake niliipeleka juu bondeni, nikaifukia kando ya Mzee Selestini, nikawasha mshumaa na kukaa mpaka ukaisha. Kabla ya kuifukia niliinua ile sura karibu na sikio, nikaitikisa nisikie pete.

Ndani hakikulia kitu.